Neno la Mlangoni

Mimi nililipwa ili nisikilize watu. Ndiyo kazi niliyofanya miaka sita hapa Goma. Asubuhi napanda gari ya shirika, inaniacha Mugunga na kuendelea mpaka Sake, naketi ndani ya kibanda cha mbao pembeni ya kambi, na wanawake waliokimbia vita wanaingia mmoja mmoja kunieleza yaliyowapata. Nilikuwa na karatasi yenye visanduku kumi na kimoja. Vikijaa vyote, nasema pole mama, nafunga dosye, naita mwingine.

Mwaka wa kwanza nililia pamoja nao. Mwaka wa pili nililia nikifika nyumbani. Mwaka wa sita niliwaona ni wezi wa saa zangu, basi, na nasema wazi kwa sababu watu wanaojisifia upole wananichosha. Mwanamke hajafungua kinywa vizuri, mimi tayari kalamu iko kwenye kisanduku cha saba.

Kwetu mutu haanzie kwenye kidonda. Anakusalimia, anauliza watoto wameamuka je, anaanza na shamba la viazi, mbuzi aliyebaki amefungwa kwenye mti, mvua ya siku ile. Lile lililomuleta analisema mwisho kabisa, amesimama mlangoni, mkono kwenye ubao, kana kwamba amelikumbuka sasa hivi. Mama yangu mwenyewe anaongea hivyo. Nilijua vizuri sana. Lakini nilikuwa nimejipatia dawa ya neno moja: "Fupisha."

Hata mama nilimpa hiyo dawa. Jioni moja alianza kunieleza juu ya goti lake, akaanzia kwenye misa, akapita kwa jirani aliyekosana na mukwe wake. Nikamukata: "Mama, fupisha. Liliuma tarehe gani? Ukiwa wapi?" Alichukua sahani yake akaenda kula jikoni. Siku mbili hakunisemesha, na mimi, aibu yangu hii, nilifurahia ule ukimya.

Halafu nikamfokea mwanamke mzee mbele ya wote waliokuwa wanangoja, mpaka fimbo yake ikaanguka na hakuna aliyethubutu kumuokotea. Shefu wetu, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliniita biro.

"Umekauka weye," alisema. "Nikufukuze ao nikutibishe?"

Akanipa konje, likizo ya mwezi mzima, na seansi sita za matibabu kwa mama mmoja wa upande wa Bukavu, fundi wa kunyoosha viungo, aliyejenga ndani ya nyumba yake karibu na ziwa bafu la sementi pana sawa kitanda cha watu wawili. Maji yake ni ya uvuguvugu, na amemwaga humo magunia na magunia ya chumvi ya dawa, hata ukitaka kuzama huzami. Unaziba masikio kwa nta, taa inazimwa, unalala juu ya maji saa nzima.

Mama yangu aliposikia alipiga makofi. "Yesu! Wanakulipia kulala ndani ya chumvi? Si utarudi makayabu!"

Tulicheka sote wawili, mara ya kwanza tangu habari ya goti. Samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi amewauza miaka mingi, anajua anachosema.

Seansi ya kwanza nilitoka na hasira. Chumvi iliingia katika magaga ya visigino vyangu ikaniuma kweli kweli, na shingo ilikataa kulegea. Ya pili nililala hapo nikihesabu madumu. Watu wa Mugunga wanagombania dumu moja la maji, na mimi hapa naelea juu ya mamia! Nilimwambia yule mama vile. Akasema, "Hata ukitoka, haya maji ya chumvi hakuna atakayeyanywa. Legeza shingo."

Ya tatu shingo ililegea. Nikausikia moyo wangu ukipiga, nikausikiliza sana, kwa sababu ulikuwa hauna hadithi ndefu. Kisha, ndani ya ule ukimya, nikasikia sauti ya mwanamke: "Mama, bado neno moja."

Nilimjua palepale. Ilikuwa Ijumaa, miezi mitatu nyuma, yeye ndiye wa mwisho, na dereva anapiga honi. Alikuwa amenieleza viazi, na mbuzi, na njia ya kutoka Sake kwa miguu. Visanduku vyangu vilikuwa vimejaa. Alisimama mlangoni, mkono kwenye ubao, akasema bado neno moja, nami nikamjibu nikifunga mfuko wangu, "Utarudi lundi." Jumatatu hakuja. Niliandika kwamba dosye imekwisha.

Nililia mle ndani mpaka pua ikaziba. Yule mama aliwasha taa, akanipa kitambaa, akasema sasa ninaanza kupona. Na kweli nilipona, hilo ndilo linaloniudhi. Nilianza kulala usingizi. Nilirudi kwa mama yangu nikamuomba anieleze tena habari za goti, nikasikiliza misa, nikasikiliza jirani na mukwe wake, na mwisho, akiwa tayari ameinuka, alisema anaogopa kwenda hospitali peke yake. Ndilo alilokuwa anataka kusema tangu siku ile. Nilimpeleka kesho yake asubuhi.

Baada ya seansi ya tano nilienda Mugunga kumtafuta yule mwanamke wa neno moja. Ndani ya ile konje yangu kambi ilikuwa imeshabomolewa, watu wameambiwa warudi kwao, pamebaki mawe meusi na mashimo ya vyoo. Mama mmoja alikuwa anaokota vipande vya mbao ili akapikie. Nilimweleza sura yake, na njia ya Sake, na viazi. Akasema, "Ah, huyo! Anauza sambaza Katindo, karibu na kambi ya waaskari."

Nilimkuta. Ameketi nyuma ya beseni la sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwa, anazipima kwa kikombe. Alinitambua mbele sijamsalimia. Nilichuchumaa, nikaanza. Nilimuuliza ameamuka je, soko linaendaje. Nikamweleza uchovu wangu, nilivyokuwa mkali hata kwa mama yangu, shefu, chumvi, bafu, masikio yenye nta. Nilisema mengi, sijui ni muda gani. Alikuwa ananiangalia bila chuki yoyote, kama mutu anayengoja mvua ipite.

"Mama," alisema, "fupisha. Niko na wateja."

Nikasema, "Lile neno moja. Lilikuwa neno gani?"

Alimumiminia mteja sambaza zake kwanza, akamuongezea kidogo, akafunga mfuko.

"Mutoto wangu wa kike nilimuacha Sake kwa jirani, na homa. Sikuweza kumubeba na mudogo wake mugongoni. Nilitaka niwaombe gari yenu imulete hospitali. Si ilikuwa inafika Sake kila asubuhi?"

Ilikuwa inafika. Mara nyingine hata viti vya nyuma vilikuwa vitupu.

"Yuko wapi sasa?"

"Ulisema lundi," alijibu. "Alikufa siku ya yenga, lundi haijafika, misa ya kwanza ikitoka."

Nilifungua kinywa niseme pole mama. Nilikuwa nimelisema lile neno mara nyingi kupita kiasi, na mbele yake halikutoka. Akaniuliza kama ninanunua ao ninamzibia tu njia ya wateja. Nilinunua vikombe viwili. Akaniongezea kidogo, sawa na anavyoongezea kila mutu.

Ilikuwa imebaki seansi moja. Nilienda, niliziba masikio, nililala chali gizani. Maji yalinibeba vizuri.