Turubai Juu ya Bwawa

Mpaka leo ukoo wetu unanijua kama mwanamke aliyeruka jeneza la mama yake. Ni kweli, niliruka. Na ikitokea tena nitaruka tena, wakasirike wapasuke.

Ndugu yangu mkubwa alipostaafu kazi ya Nairobi alirudi nyumbani, upande wa Iguhu, akajenga nyumba kubwa, na kando ya nyumba akachimba bwawa la kuogelea. Katika familia yetu hakuna anayejua kuogelea, yeye akiwa wa kwanza. Nilimpigia kelele mpaka akazungushia lile bwawa ua wa chuma, mrefu kunipita, wenye kageti kanakojifunga kenyewe ukikaachilia. Komeo lake lilikuwa juu, mtoto halifikii. Ulipokamilika nilipumua, kwa sababu kitinda mimba wangu, msichana wa miaka mitatu, alipenda kwenda kwa mjomba wake kuliko mahali pengine popote.

Kisha mama akafariki, na matanga yakawa pale pale kwa ndugu yangu.

Baba mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alizunguka uwanja na fimbo yake akasimama mbele ya ule ua. "Nyumba ya kilio haifunganga lango," akasema. "Mnamfungia nani nje?"

Kwetu mtu akifa lango la boma huachwa wazi mpaka mazishi yaishe, na hilo silipingi. Lakini jameni, ua wa bwawa unamzuia mwombolezaji gani? Nilipouliza hivyo nikaambiwa mwanamke aliyefiwa kazi yake ni kulia, si kupanga uwanja. Tena hema lilihitaji nafasi. Wakaung'oa ua, vipande wakaviegemeza kwenye ukuta wa jikoni.

Nikamfuata ndugu yangu. "Basi toa maji."

"Dada, maji ya kujaza hiyo kitu nitatoa wapi tena? Tutafunika tu."

Wakaleta turubai la buluu, lile la kuanikia mahindi, wakalitandaza juu ya bwawa na kukandamiza kingo kwa mawe. Ndugu yangu akalitazama akaridhika. Eti watu wasipoona maji, basi maji hayapo! Mimi ndipo nilipoogopa zaidi. Maji mtoto anayaona, anaweza kusita. Turubai je? Watoto wetu wote tumewafundisha wenyewe kulikanyaga, tukiwatuma wapite juu yake wakigeuza mahindi kwa miguu. Nilisema, nikasema, mpaka watu wakaanza kunikwepa.

Siku ya mazishi nilimkabidhi mtoto kwa wifi yangu, mke wa ndugu yangu, ambaye ni muuguzi. Zamu yangu ya kumzungumzia mama ilipofika nilisimama nyuma ya jeneza, kipaza sauti mkononi, watu wote wakiwa mbele yangu. Nikiwa katikati ya maneno nilimwona wifi akiitwa jikoni, wageni wa kanisa hawajapata chai. Akamwacha mtoto kwenye kiti. Mtoto akateremka. Alivaa gauni la manjano. Akaenda moja kwa moja kwenye turubai, akaanza kuburuta miguu juu yake, hivi na hivi, vile anavyofanyanga kwangu nyumbani. Mawe yakateleza. Buluu ikajikunja na manjano ikapotea.

Nilipiga yowe ndani ya kipaza sauti. Watu wakadhani ni uchungu wa mama, kuna mama mmoja hata akanyoosha mikono anishike. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya vigoda vifupi, nami sikuwa na njia nyingine ya karibu. Nikapandisha sketi, nikaliruka, nikakimbia nikajitosa bwawani.

Maji yalinifika kifuani. Nilipapasa nikashika turubai, nikashika turubai tena, zito, limejaa maji, na mtoto wangu amefungwa humo. Sijui nililivuta vipi. Nilipompata alikuwa amelegea, midomo imebadilika rangi. Wifi alifika mbio, akamlaza chini, akampulizia pumzi na kumbana kifua, huku mimi nikimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mwishowe akatapika, akalia. Kile kilio sijawahi kusikia wimbo mtamu kama huo.

Tulilala hospitalini. Mama alizikwa mimi sipo.

Niliporudi na mtoto mgongoni, baba mdogo hakunipa mkono. Nimemruka maiti, akasema, nimeleta mkosi, na mpaka nilete kondoo wa kutakasa boma nisikanyage pale. Nikadhani anatania. Ala! Mzee hakuwa na mzaha wowote. Nikamtazama ndugu yangu anitetee, yeye akatazama viatu vyake. Waliong'oa ua hawakutozwa hata kifaranga.

Nilikaa mbali miezi kadhaa. Binti yangu akiona beseni anapiga mayowe, namwogesha kwa kitambaa kama mtoto mchanga, na kila nikikamua kile kitambaa naapa sitaenda. Lakini kaburi la mama liko kwenye boma lile, na sikuwa nimemwaga udongo hata konzi moja. Nikatafuta kondoo nikampeleka, peke yangu. Mtoto nilimwacha.

Walimchinja, wakasema maneno yao, baba mdogo akanipa mkono, tukala. Kisha nikazuru kaburi, nikalia kilio nilichokuwa nimenyimwa. Wakati wa kutoka nikapita jikoni kuaga. Vipande vya ua vilikuwa bado vimeegemea ukutani, kuku wamelala juu yake. Upande wa pili bwawa limejaa, turubai la buluu limetandazwa na mawe yake kingoni, na wajukuu wawili wa ndugu yangu wanakimbizana kando yake.

Nikamshika ndugu yangu mkono. Nikamuuliza ule ua atausimamisha lini.

Akajipangusa mafuta ya kondoo midomoni, akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Dada," akasema, "kwani mtoto si alipona?"