Nilimtukana mama mkwe mtarajiwa kwenye game ya kupigana, kumbe ananisikiliza

Wakuu, heshima kwenu nyote. Hiki ninachosimulia ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejiweka sehemu nzuri zaidi.

Nipo Nyabiyonza, Karagwe, nalima kahawa na migomba. Kuna game ya kupigana ya kwenye simu, mnaingia watu wanne uwanja mmoja, wa mwisho kusimama ndiye mshindi. Jina naliacha, sitaki kuipa promo.

Niseme haki yake, game ni nzuri. Inakubali hata simu yenye RAM ndogo, bando haili sana, na combo zake unazijua ndani ya siku mbili.

Halafu inakupanga na wachezaji walio karibu nawe ili isikwamekwame.

Ubaya wake sasa. Haina pause. Kuna mhusika wa shoka kawazidi wote nguvu, mtu asiyejua kitu anabonyeza kitufe kimoja tu anakumaliza. Na kuna mic, wote mlioko uwanjani mnasikiana.

Mimi nina mdomo mchafu nikishindwa. Nilikuwa natukana kwa Kinyambo, lugha yetu ya huku, najipa moyo kwamba nani ataelewa. Wengi nilikuwa nawasikia wanaongea Kiswahili cha mjini, basi nikajiona mjanja. Lile la kupangwa na watu wa karibu nililisifia tu, sikulifikiria.

Nina mchumba, Adela, kwao Bweranyange. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea hiyo game kwenye simu yake. Akacheza siku moja akaniambia haimpendezi.

Uongo. Alikuwa anajifua kimyakimya kwa jina lingine ili siku moja anishtukize.

Siku hiyo mchana nimekaa pembeni ya jamvi la kuanikia kahawa nafukuza kuku. Tukabaki wawili uwanjani, mimi na mtu wa shoka. Kanipiga raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikapandwa na hasira.

Nikamtukania mama yake kwa Kinyambo, tusi zito lile ambalo hata walevi wa rubisi wanashusha sauti wakilitaja. Na mic nilijua iko on. Nilitaka asikie.

 Ikaja sauti ya mama mtu mzima, taratibu, kwa Kinyambo hicho hicho: "Gozbert, ni wewe?"

Yule wa shoka alikuwa Adela, na alikuwa amemwita mama yake aje amsikie mkwe wake akilia kwa kushindwa. Simu ilikuwa loudspeaker.

Nilizima simu wakuu. Hata radhi sikuomba. Kuku wakaparua kahawa, nikabaki nawaangalia.

Kwetu huendi ukweni peke yako kabla mambo hayajakamilika, unatanguliza mshenga. Wangu ni baba mkubwa, mzee wa kanisa. Nikamwambia nimemkosea mama Adela kwa maneno.

Akasema hawezi kwenda kuomba radhi ya kitu asichokijua, nimtajie neno lenyewe.

Nilimzungusha weee, akanisubiri tu. Nikalitamka naangalia miguu yake. Aibu ya siku ile bado ninayo mwilini.

Hakunigombeza. Aliingia ndani akavaa koti, tukaenda.

Mama alitupokea vizuri, ndizi zikaletwa. Mzee akaongea, mimi nikapiga magoti. Mama akasema amenisamehe. Halafu akaniuliza: "Neno lile limekutoka kwa sababu ya mchezo. Binti yangu akiunguza maharage, litakutoka lipi?"

Adela alikuwa amekaa pembeni yake, naye anasubiri jibu. Nikamtazama baba mkubwa. Hakunisaidia.

Uchumba haujavunjwa, ila barua yetu ya posa haijajibiwa mpaka sasa. Adela anapokea simu zangu kwa adabu tu, kama anaongea na bwana shamba.

Nilichojifunza: nilikuwa najidanganya kwamba matusi ya kwenye game yanaishia kwenye game. Mdomo ni huu huu ninaotaka kwenda kuishi nao na mtoto wa watu. Game nimeshaifuta, ila mdomo bado ninao.

Nichambueni, hata mkinisema ni sawa. Lakini mwenye jibu la swali la yule mama anisaidie, maana nikirudi kule ataliuliza tena mbele ya Adela, na sina cha kumwambia.