Shikamoo ya Kumi na Tatu

Bi Mwaija wa Mazingara alimshuku hata jogoo wake. Skauti wa kundi la heshima walipopiga kambi karibu naye, wakaanza kuzoa tope katika kisima cha kijiji bila kumwamkia, aliwahesabu: kumi na watatu. "Wasiosalimia ni wezi," alisema, akaikalia kamba yake ya ndoo kutwa.

Jua lilipozama, kiongozi wao, Edna, akaja na wenzake. "Shikamoo, bibi. Utusamehe, tulikula kiapo cha kundi letu, tujitolee kazi kutwa tusiseme mpaka jua lizame."

Wote wakamwamkia. Bi Mwaija akaitikia marahaba kumi na mbili, kisha akakunja uso. "Mmoja yuko wapi? Ananizungukia nyumbani?"

Edna akahesabu, akakimbilia kisimani. Raymond, skauti wa kumi na tatu, alikuwa chini, ngazi imevunjika, tope kiunoni, mdomo kaufumba, hajui kuwa jua limezama.

"Shika!" Bi Mwaija alifoka, akimshushia kamba. "Na shikamoo yangu uitoe huko huko!"