Pikapu ya Baba Ilikuwa Imelala Tu

Sisi tuliokulia kando ya barabara ya Uvira kwenda Baraka, wakati ule bado hatujawa wakimbizi wa mtu yeyote, tulikuwa tunayajua magari kwa masikio kabla ya macho. Umekaa nyuma ya nyumba unamenya mihogo, unasikia mngurumo kule kwenye kona, unasema: lile ni lori la Mjerumani, limebeba saruji. Hilo lingine la Mwingereza, sikia linavyokohoa, darajani halivuki. Halafu inakuja sauti nyembamba, haina haraka, kama cherehani inayoshona shuka. Huyo alikuwa Mjapani. Mtoto gani wa kwetu hakuacha mihogo akakimbia barabarani?

Jina la kampuni siliandiki, mnalijua wenyewe. Lilikuwa kwenye mlango wa nyuma wa kila pikapu, herufi nyeupe kubwa kama sahani, na mimi niliyeishia darasa la tatu pale ndipo nilipojifunzia kusoma. Mwalimu wetu alikuwa na kiboko na ubao uliopasuka. Baba yangu alikuwa na mlango wa pikapu. Alikuwa ananibeba, ananishika kidole, tunapita juu ya kila herufi, bati limechemka kwa jua mpaka ncha ya kidole inauma. Nikimaliza jina zima anasema, “Haya, Mama, umesoma.” Aliniita Mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Riziki.

Baba walimwita Shofa Asukulu, yaani dereva. Pikapu aliinunua kwa mapadri ikiwa imeshachoka, rangi yake ya krimu imeanza kuliwa na kutu, akaifufua mwenyewe chini ya kibanda cha makuti. Alibeba ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, na mawese kupeleka Uvira, akarudi na sabuni na chumvi. Ile harufu mnaikumbuka: samaki wakavu, mafuta ya mawese, na petroli juu yake. Mpaka leo nikipita sehemu yenye harufu ya petroli natafuta ndagala.

Baba alipenda kutusimulia habari za hao Wajapani utafikiri ni shemeji zake. Alisema walianza na mashine za kufuma nguo, hata gari hawakuwa wanalijua. “Ni watu wa uzi,” alisema, “ndiyo maana wana subira.” Alisema pikapu za kwanza zilipofika kwetu wazee walizicheka. Babu yangu aliliita gari la kwanza mkebe wa dagaa, akasema mvua mbili tu utaliona mtoni. Waliheshimu magari mazito ya Ulaya, yale yanayotingisha ukuta yakipita. Basi, barabara ndiyo iliyoamua. Mvua zilinyesha, madaraja yakaondoka, magari mazito yakalala kwenye matope miezi yakisubiri kifaa kutoka Ulaya. Mkebe wa dagaa ukapita pembeni yao, kifaa chake kinapatikana sokoni kwenye meza ya vitunguu. Babu mwenyewe alipougua alipelekwa hospitali na nani? Na mkebe wa dagaa.

Michezo yetu ilikuwa hiyohiyo. Wavulana walikunja waya, magurudumu wakakata kwenye kandambili za mama zao, wakapigwa kwa ajili ya kandambili. Kila mmoja alitaka kuwa Mjapani. Aliyeshindwa kukimbia ndiye Mwingereza, anasukumwa. Mimi nilikuwa msichana pekee kwenye msafara na hakuna aliyenibishia, maana mwenye Mjapani wa kweli alikuwa baba yangu. Wanawake nao kisimani, akisifiwa mume wa mtu: “Wangu ni Mjapani, haniachi njiani.” Watoto wa siku hizi hapa Johannesburg, gari kwao ni ukubwa wa redio. Wanataka vile vidogo vya Kijerumani vinavyopiga kelele nyuma kama vimekula maharage.

Baba alikuwa na msemo mmoja tu, na ndio ulioniua. Asubuhi ya baridi pikapu ikigoma, watu wanaanza kusema imekufa, yeye anafungua boneti, anacheka: “Mjapani hafi. Analala tu.”

Sasa niwaambie kuhusu kidole. Madereva wa zamani wanajua. Ndani ya boneti kulikuwa na kipande cheusi, kidogo kuliko kiberiti, kinazunguka kugawa moto kwenye plagi. Sisi tulikiita kidole. Ukikitoa, hata uje na funguo mia, gari haliwaki. Baba kila jioni alikitoa, anakifuta kwa shati, anakitia mfukoni, kisha anakuja kula. Akisafiri kwa miguu alimpa mama, na mama alikizika kwenye kapu la unga wa muhogo. Kwetu hakuna mtoto aliyekuwa hajui kwamba kitu hicho hakisemwi.

Jirani yetu alikuwa Feruzi, fundi baiskeli. Yeye na baba walitaniana kila siku ya Mungu.

“Shofa, hiyo maiti yako unaizika lini?”

“Siku baiskeli zako zitaanza kuzaa, Feruzi, nitazika.”

“Zinazaa! Angalia watoto hawa wote.” Anaonyesha vipande vya minyororo chini.

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka. Kila aliposema maiti nilihisi amemtukana baba, na nilimchukia Feruzi chuki ya mtoto, ile isiyo na sababu wala mwisho.

Vita ilipofika kwetu, pikapu zilikuwa za kwanza kutafutwa. Hapo ndipo sifa ya Mjapani iligeuka laana. Gari zito walilipita wala hawakuliangalia. Walitaka lile lisilokufa, wakafunge bunduki nyuma. Mlango kama ule niliosomea, nikauona unapita barabarani umejaa watu wenye silaha, wameketi juu ya herufi. Baba akatoa kidole, akakitia kwenye unga, akatoboa tairi moja yeye mwenyewe, akatupa majani makavu juu ya boneti. Akasema tukae kimya, jua likizama tutaondoka kwa miguu kuelekea ziwani.

Walifika kabla ya saa sita mchana. Mbele yao alitembea Feruzi, mtutu umegusa mgongo wake. Kijiji kizima kilimwona akiingia uani kwetu nao, na hicho tu ndicho walichokiona. Waliobaki nyuma ya milango hawakusikia alichosema. Mimi nilisikia, nilikuwa nimesimama karibu na kapu la unga.

Mkubwa wao alijiita Komanda Radi. Aliuliza, “Gari hii inatembea?”

Feruzi akasema, “Apana, Afande. Hii ni maiti. Miezi mingi haiwaki. Mimi ni fundi, nimeishindwa. Mnapoteza muda wenu bure.”

Baba akainamisha kichwa kama mtu aliyefiwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nilitakiwa kuelewa. Lakini masikio yangu yalisikia tu Feruzi anasema maiti, na safari hii baba hamjibu. Baba yangu ananyamaza mbele ya fundi baiskeli! Wale watu walikuwa wameshageuka kuondoka. Mmoja alikuwa ameshavuka kichaka cha uzio.

Nikasema, “Muongo huyo! Haijakufa, imelala tu. Kidole kiko kwenye unga.”

Sikumbuki kelele yoyote baada ya hapo. Nakumbuka uso wa Feruzi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeshika kaa la moto, umechelewa kumzuia. Mama alikitoa kidole kwa mkono wake, mkono mweupe wa unga mpaka kiwiko. Walimlazimisha baba abadilishe tairi, kisha aendeshe yeye, kwa sababu wao hawakuijua gia yake. Pikapu iliwaka mara moja tu ilipoguswa, aibu gani. Baba akatoa kichwa dirishani, akanitazama mimi.

“Mama, angalia nyumba.”

Nikatazama herufi nyeupe mpaka kona. Hatukumwona tena, wala mwili, wala kaburi.

Mniruhusu nitaje majina, nimechoka na habari za “watu fulani.” Komanda Radi alimchukua baba yangu. Niliambiwa na watu wa nyumbani kwamba alizeeka vizuri, ana nyumba ya ghorofa na anakaa kiti cha mbele kanisani. Kaka yangu Mmunga ndiye aliyetangaza ng’ambo ya ziwa, kambini Tanzania, kwamba Feruzi ndiye aliyewaleta na kuwaonyesha kidole. Mmunga hakuwepo siku ile, alikuwa shambani, lakini alisema kwa nguvu na watu wakaamini. Hakuna aliyemuuliza Feruzi. Alikuwa kambini pamoja nasi, yeye na mkewe na binti yao Zawadi. Walitemewa mate. Baiskeli hakuna aliyempelekea, hata yenye pancha. Mama yangu alikufa akimlaani, na mama alikuwepo uani, alinisikia kwa masikio yake mawili. Nafikiri alichagua kusahau ili aweze kunipikia.

Feruzi alifia kambini. Waliomzika hawakujaza hata pikapu moja.

Wa tatu kwenye orodha ni mimi, Riziki binti Asukulu, na nimejitaja mwisho kama kawaida ya waoga.

Nimeishi hapa Johannesburg miaka mingi sasa, chumba cha kupanga mtaa wa La Rochelle, meza ya mikoba na mikanda Marshalltown, katikati ya jiji. Na angalieni Mungu anavyopanga: hatua kumi kutoka meza yangu, Zawadi binti Feruzi ana kiti chake cha kusuka nywele. Miaka sita tulikaa hatua kumi bila salamu. Polisi wa jiji wakija kutufukuza tunakimbilia kona moja, tunahema pamoja, tunaangalia pande tofauti.

Mwaka huu wa 2018, mwanangu Bahati, aliyezaliwa hapahapa, alikuwa ananisindikiza na mizigo. Tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, ikapita pikapu ya zamani, ya krimu, mfano uleule, imebeba vyuma chakavu mpaka imekaa chini. Bahati anaelewa Kiswahili lakini mdomo wake ni wa Kiingereza na Kizulu. Akacheka, akasema kwa Kiingereza chake kwamba eish, madude yale hayafi. Nikaketi juu ya mzigo palepale. Akaniuliza kama naumwa. Maneno ya babu yake, asiyemjua hata kwa picha, na yeye ameyasema kwa mzaha huku anaangalia simu.

Sikufika kwenye meza yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Zawadi, mteja wake ameketi, kichwa nusu kimesukwa. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, siku ile, unga, kidole, neno alilosema baba yake na neno nililosema mimi. Mikono yake haikusimama kusuka.

“Najua, yaya,” akasema, yaani dada mkubwa.

“Unajua nini?”

“Yote. Baba alituambia tukiwa bado njiani, kabla ya mtumbwi. Alisema mtoto wa Asukulu alitetea gari la baba yake. Akatukataza kusema kwa mtu. Alisema wakijua, mtoto huyo ataishi vipi na mama yake?”

Nikaanza kulia. Yeye akavuta nywele mpaka mteja akalalamika.

“Usinililie hapa, nina kazi. Kwa siku ile sina neno na wewe. Ulikuwa mtoto. Lakini unakumbuka bomba la maji kambini? Wanawake walipopiga teke ndoo ya mama yangu, kila asubuhi? Ulikuwa msichana mkubwa, ulikuwa na matiti. Ulisimama kwenye foleni na ndoo yako. Hapo ulikuwa mtoto wa nani?”

Nikapangusa machozi kwa kiganja.

“Unataka nifanye nini, Zawadi?”

“Kwangu umeshasema, na mimi nilijua. Kawaambie wasiojua.”

Basi ndiyo hii. Nimeandika kwa mkono wangu, kurasa kumi na nne za daftari la Bahati, herufi kubwa kama nilivyofundishwa. Nimeanza na Mmunga. Alisoma, akakunja, akaniambia nimezeeka vibaya. Sasa nawaletea ninyi mliokuwa kule, mliotema mate na mliotazama. Feruzi hakumuuza Shofa Asukulu. Alidanganya mbele ya bunduki kumwokoa, na karibu afanikiwe.

Enzi zetu gari lilikuwa na kidole, unakitoa, unakitia mfukoni, ni lako. Siku hizi taksi za Mjapani zinajaza mji huu, zinapanga foleni kuanzia Marshalltown mpaka huko zinakokwenda, na Bahati anasema magari mapya yanawaka kwa kubonyeza tu, hakuna cha kutoa wala cha kuzika kwenye unga. Vijana wanaona ni maendeleo. Labda. Hawatakuja kujua mtoto anaweza kushikilia nini kwenye ulimi wake. Jioni taksi zikisimama kwenye robot, bado nasoma yale maandishi ya nyuma, herufi moja moja, mpaka mwisho. Nikimaliza nasubiri. Hakuna anayesema umesoma.

Zawadi sasa ananisalimia. Anasema “asubuhi” tu, halafu anarudi kwenye nywele za watu.