Siku Niliyomsahihisha Mgiriki Kigiriki Chake

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha theolojia mjini Saint Paul, Amerika, na Kigiriki kilikuwa kimenipanda kichwani. Si Kigiriki wanachozungumza watu leo. Ni kile cha kale, tulichofundishwa ili tusome maandiko katika lugha yake ya kwanza. Darasani Mtanzania nilikuwa peke yangu, na kwenye kusoma kwa sauti niliwapita wote. Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu, nami nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Mwisho wa wiki nilifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Coon Rapids, nje ya mji: kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka. Bila gari hufiki huko, kwa hiyo muuguzi mmoja Mkenya, dada aliyekuwa akiishi kitongoji cha New Hope, alinipitia na gari lake.

Miongoni mwa wazee wetu alikuwepo bibi aliyezaliwa Ugiriki, akaja Amerika akiwa bado binti. Nilimwita Bibi, kama ambavyo ningemwita kwetu, na alipenda. Alikuwa na kitabu kidogo cha ibada chenye jalada lililoshikizwa kwa plasta, akikisoma kwa sauti ya chini kila nilipomtandikia kitanda. Nilitega sikio. Sasa naona haya kusema kwa nini: nilikuwa namtafutia makosa.

Niliyapata kwa wingi. Pale tulipofundishwa kusema b, yeye alisema v. Ile herufi inayofanana na n ndogo, ambayo chuoni tuliisoma e ndefu, yeye aliisoma i. Neno la upendo, ambalo kwetu darasani lilikuwa agape, yeye alilitamka aghapi. Nyumba, oikos, kwake ilikuwa ikos tu. Nikajiambia, maskini, hakusoma sana.

Jumapili moja alasiri wageni kutoka kanisa la jirani walikuja kuimba na wazee ukumbini. Binti yake Bibi naye alikuwepo. Mgeni mmoja akamwomba Bibi awasomee kidogo kwa lugha yake. Bibi akaweka miwani, akasoma pole pole, na ukumbi ukatulia. Alipofika kwenye neno la upendo, nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Samahani, Bibi. Hilo ni agape. Siyo aghapi."

Akaniangalia juu ya miwani. "Nini?"

"Na hapo juu umesema v. Herufi ile ni b."

Binti yake akauliza, si kwa ukali, "Wewe umejifunza wapi?"

"Chuoni. Saint Paul."

Wageni wakageuka wote kunitazama. Mzee mmoja akasema, "Hebu fikiria, kijana kutoka Afrika!" na wengine wakacheka kwa mshangao. Kusema kweli, nilifurahi. Bibi akanisogezea kitabu. "Basi soma wewe."

Nami nikasoma. Ningeweza kukataa, lakini nilisoma ukurasa mzima, wakanipigia makofi. Bibi alikuwa anatazama mikono yake mapajani.

Tulipokuwa tunarudi, yule dada Mkenya aliendesha hadi tukaingia barabara kuu. Kisha akaniuliza, "Ati ume-correct Mgiriki? Kwa Kigiriki?"

"Alikuwa anakosea."

"Sasa wewe, Mmarekani akisoma Kiswahili kwenye kitabu, aje akuambie unakitamka vibaya, utamfanyia nini?"



Jumatatu nilibaki darasani baada ya kipindi, nikamuuliza mwalimu. Alicheka kwa upole. Alisema matamshi tuliyofundishwa yalipangwa na wasomi wa Ulaya karne nyingi zilizopita, wakikisia jinsi watu wa kale walivyosema. Tunayatumia, akasema, kwa kuwa yanampa mwanafunzi nafasi ya kuisikia kila herufi kivyake. Lakini hata maandiko yetu yalipoandikwa, sauti nyingi zilikwisha kuanza kusogea kuelekea zile wanazotumia Wagiriki sasa. "Huyo bibi," akasema, "hana kosa lolote. Hiyo ni lugha yake."

Jumamosi niliingia chumbani kwa Bibi kabla sijavaa hata glavu. Nikapiga goti kando ya kiti chake.

"Bibi, nilikosea. Wewe ulikuwa sahihi."

"Baba yangu alikuwa haoni," akasema. "Nilimsomea kila jioni. Sauti hizo alinifundisha yeye." Kisha akaongeza, "Wewe ulisoma vizuri. Sikuelewa hata neno moja, lakini ulisoma vizuri."

Nilimwomba anifundishe. Akanionyesha herufi ya nne, nikaitamka dh mara moja. Akanionyesha ya tatu, nikasema gh. Akashangaa. "Umezipata wapi hizi?"

"Ni za kwetu, Bibi. Dhahabu. Ghali." Sikumwambia kwamba shule ya msingi, huko bara nilikokulia, tulichekwa kwa kusema zahabu na gali, hadi nikazifanyia mazoezi njiani nikienda kuchota maji. Nilijua vizuri kabisa mtu anavyojisikia akisahihishwa matamshi mbele za watu.

Alinifundisha miezi kadhaa, neno moja moja, kwa subira ambayo sikuistahili. Lakini yeye mwenyewe hakusoma tena nikiwa chumbani. Nikiingia na mashuka, alifunga kitabu, akaniuliza habari za baridi huko nje.

Wale wageni walipokuja tena, mmoja akamwomba asome kama siku ile. Bibi akasema macho yake yamechoka. Mgeni akanigeukia mimi. Nikasema sijui Kigiriki, nikaenda kupanga viti.