Shahidi wa Bismillahi

Baruti nyeusi ikishawaka hunuka yai viza, na mimi, Mungu anisamehe, sijui manukato ninayoyapenda kuliko hayo. Harufu hiyo ilikaa kwenye koti la Baba majira yale ya majani kupukutika, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi ughaibuni, ghorofa ya pili huko Beltsville, Maryland. Baba, Mpemba asiyejua kukaa kitako, aliwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, mara nyingi zamu mbili kwa siku. Mzee mmoja kati yao alimfundisha kuwinda, na alipofariki wanawe wakampa Baba gobori lake na ruhusa ya kuingia shambani kwao, kusini mwa Maryland. Lilikuwa gobori la kizamani hasa: unamimina baruti mdomoni, unashindilia risasi kwa ufito, kisha unabandika fataki. Ukishafyatua, umefyatua. Kabla hujashindilia tena, paa keshafika kwao.

Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake ya pekee ya kupumua, na Mama alilijua hilo, ndiyo maana alilivumilia gobori ndani ya nyumba. Lakini aliweka masharti. Nyama isiyosomewa Bismillahi kabla risasi haijatoka haipandi ngazi zake, na kwa kuwa alizijua papara za mumewe, mimi nifuatane naye niwe shahidi. Wanavyuoni wengi humsamehe aliyesahau, na Mama alikuwa na habari nao, ila sharti lake lilikuwa sharti lake. La pili alilitamka baada ya Jumamosi tatu za kurudi mikono mitupu: ya nne ikipita bila nyama, gobori litoke. Baba alicheka akasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Usiku huo nilimwona akilifuta taratibu, kama alivyokuwa akiwafuta wazee wake, nikajua kwamba ameingiwa na hofu. Mimi pia niliogopa, maana gobori likiondoka na Jumamosi zetu zingeondoka nalo.

Jumamosi ya nne tulikaa chini ya mwaloni tangu alfajiri, na vizibao vyetu vya rangi ya chungwa, baridi ikitutafuna vidole. Nilikuwa na sambusa mbili mfukoni zilizonitesa kwa harufu yake, lakini nilikatazwa kuzigusa kwa sababu karatasi ingelia. Jua lilipochomoza akatokea dume mwenye pembe, akasimama mbele yetu kama hatua thelathini. Kazi yangu ilikuwa kutazama mdomo wa Baba, nami niliutazama. Ulikuwa umefumbwa, meno yamebana mdomo wa chini. Gobori likalia, moshi ukatufunika, na ulipopeperuka yule dume alikuwa chini, amekata roho kabla kisu hakijamfikia. Hapo ndipo midomo ya Baba ilipofunguka: Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Nikainamisha kichwa. Baba naye hakunitazama.

Tulimchuna, tukaijaza nyama kwenye sanduku la barafu, tukashika njia ya nyumbani. Njia nzima niliupika uongo. Nilikuwa mtoto wa kuelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kwetu huku, lakini uongo ule niliupanga kwa Kiswahili ili Mama auamini. Njia ya mwongo ni fupi, nimefunzwa. Siku hiyo niliitaka inifikishe mlangoni tu.

Mama alikuwa juu ya ngazi, kanga kichwani. Hakumwuliza Baba, aliniuliza mimi kama Baba amesoma. Nikafungua mdomo. Baba akalitua sanduku.

"Mtoto asiulizwe," alisema. "Sikusoma. Niliona pembe, nikasahau kila kitu."

Nililia pale pale, nikililia gobori. Mama akatutuma tuipeleke nyama kwa Mama Wanjiru, nesi kutoka Nyeri aliyekaa chini yetu, naye akabaki ameshika kiuno, akituuliza ati yote hii tunampea yeye. Tuliporudi juu chai ilikuwa mezani, na chapati. Mama alilitazama gobori kitambo, kisha akamwambia Baba, "Jumamosi ijayo usome kabla hujaligusa." Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba mwanamume asiyekubali mwanawe amsemee uongo anaweza kuachiwa gobori.

Leo Baba hana tena magoti ya kukaa chini ya mwaloni. Naenda peke yangu, na gobori lile lile, ingawa wenzangu wana bunduki za darubini na wananicheka. Nawashukuru wazazi wangu kwa mengi, lakini kwa yaliyotokea mlangoni siku ile nawashukuru kuliko yote. Sina shahidi siku hizi, kwa hiyo nasoma kwa sauti. Mwezi uliopita dume mzuri alisimama karibu kabisa, nikasoma, akanisikia, akatimua mbio. Niliporudi Baba alinusa koti langu akiwa kitini, akajua sikufyatua.

"Ulisoma?" akaniuliza.

Nikamwambia nimesoma, na paa ndiye shahidi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaniomba nimmiminie chai.