Mkia wa Samaki wa Mzee Nzioka

Ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, na harufu yenyewe ni ya chapati ndani ya kamera. Usicheke. Nitakueleza yote, kwa sababu kile kipande cha mti unachopenda kukitafuna, kile ninachokunyang'anya kila ukikichomoa kwenye mkoba wangu wa kazi, kilitoka siku hiyo.

Najua mimi si mzee. Nina miaka ishirini na saba na bado naota ndoto mchana, nimesimama jikoni, sufuria ikiungua. Lakini humu ndani kati yetu wawili mimi ndiye mkubwa, kwa hivyo acha nijifanye nyanya kidogo. Ukishajua kusoma, nasaha yako utaikuta hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza fomu foo na gredi ambayo mama yangu hakuitangaza kanisani. Nilichokuwa nacho ni kamera ya mkono wa pili niliyoachiwa na binamu yangu, yenye lenzi mbili: moja ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, na moja fupi inayoona pana. Nililala nayo kando ya mto. Mtaa wetu wa Kaloleni nilishaupiga picha wote, kuanzia ukumbi wa jamii hadi paka, kwaya na nguo kwenye kamba. Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja tu, nacho ni mtu wa kuniambia, "Njoo, nina kazi yako."

Mtu huyo alikuwa Mzee Nzioka, mchongaji wa vinyago kutoka Ukambani, mlango wa tatu kutoka kwetu. Juu ya mlango wake alitundika samaki aliyemchonga kwa mti wa muhugu: kambare, na masharubu yake yote, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mzee alisema hicho ndicho kipimo cha samaki aliyemvua ujanani kwenye bwawa la kwao. Hakuna aliyemwamini, na aliyeongoza kutoamini ni Baba Akinyi, mstaafu wa kiwanda kimoja huko mtaa wa Baba Dogo, mzaliwa wa kando ya ziwa. Kwenye benchi la wazee wanaocheza drafti alikuwa akimwambia mbele ya watu, "Nzioka, samaki wako anaogelea kwenye msumari."

Siku moja Mzee alirudi na kambare mzima ndani ya gunia awaonyeshe. Baba Akinyi akainama, akamnusa, akasema huyu ananuka barafu ya sokoni. Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Mzee naye alicheka, lakini nilimwona akiingia ndani mapema, jua bado likiwaka, akafunga mlango.

Ndipo akaja kwetu. Aliongea na mama kwanza, kwa heshima, amevua kofia. Alisema kijana wake Mutua anapeleka lori kwao Jumamosi kuchukua magogo, na yeye ataenda naye kuvua. Samaki akija peke yake hawaamini, basi safari hii anataka aje na picha: samaki akitoka majini, ndoano mdomoni, bwawa nyuma yake. Anataka mtu wa kamera. Mwanangu, mama hata hakumaliza kuuliza tutarudi saa ngapi, nilikuwa nimeshaanza kuchaji betri.

Wiki hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu kuhusu kupiga picha za wavuvi. Nilijifunza kwamba maji hung'aa yakakuharibia picha, na kwamba ukishika miwani ya jua ya aina fulani mbele ya lenzi, mng'ao unapungua ukaona mpaka chini ya maji. Nikaenda soko la Kariobangi nikapindua miwani ya mitumba meza nzima mpaka nikaipata. Nilijifunza kwamba kofia ya mvuvi huutia uso wake giza saa za mchana, kwa hivyo nikabeba mfuniko wa sufuria wa kuurushia mwanga kutoka chini. Kamera nikaifunga kwenye kiganja kwa kamba ya viatu, nikiteleza tuanguke wote. Nilijiona nimekamilika kabisa.

Kitu kimoja tu kilinitisha, maji yenyewe. Tulifika bwawani asubuhi, baridi bado inauma, upepo unarusha matone hadi tulipokaa. Nikaitazama kamera yangu, nikatazama huku na huku, nikaiona hotpoti ya mama iliyokuja na chapati. Kile chombo kinafunga sawasawa, hata mvuke hautoki. Nikazimwaga chapati kwenye sahani, nikaipangusa ndani kwa leso, nikailaza kamera humo kama mtoto, nikafunga kifuniko. Mutua aliniuliza kama naipika. Nikamwambia asubiri aone akili ya mtu wa Kaloleni.

Hatukukaa sana. Mshipi wa Mzee ukanyooka ghafla, fimbo ikajipinda mpaka nikadhani inavunjika, na pale mbele maji yakapasuka. Mkia. Mwanangu, niliuona mkia ule ukipiga maji kama mtu anayepiga mkeka kutoa vumbi. Mzee alikuwa amezamisha visigino kwenye matope, anarudi nyuma hatua kwa hatua, midomo imekaza, na jua lilikuwa limemwangukia usoni kana kwamba nimelipanga mimi. Hiyo ndiyo picha aliyonileta niipige.

Nikafungua hotpoti. Nikainua kamera. Nikaona weupe mtupu.

Kamera baridi ndani ya chombo chenye joto na mvuke wa chapati, wewe unafikiri nini kitatokea? Lenzi ilikuwa imetoka jasho yote. Nikaipangusa kwa leso, nikaongeza mafuta ya chapati juu ya ukungu. Nilibonyeza hivyo hivyo, nikilia huku nikibonyeza. Mzee alinisikia. Bila kugeuka, akiwa bado anavutana na yule samaki, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa niiache ipumue, isipanguswe, itajisafisha. Lakini samaki hakuwa na muda huo. Lenzi ilipopata kuona, kambare alikuwa nyasini, na zile picha zote za majini zilikuwa maziwa matupu.

Mzee hakunikaripia. Alikuwa na furaha kupita kiasi. Alizunguka yule samaki mara mbili, akapiga magoti, akasema, "Ndiye. Sawasawa na yule wangu wa zamani." Kisha akachomoa tezo lake kiunoni, kile kishoka kidogo cha kuchongea ambacho Kaloleni nzima inakijua kwa sababu hukinoa pale bombani, akakilaza kando ya samaki. Akaniambia nisimame juu yao, nipige wima kuelekea chini. Nikapiga. Ilikuwa picha baridi, kama zile za kitambulisho.

Hapo ndipo aibu yangu ya hotpoti ilipoanza kunitafutia njia. Nilijiambia, nimempotezea picha ya maisha yake, lazima nimpe nyingine ya kumzidi hata Baba Akinyi. Nikavaa lenzi fupi. Nikamwambia Mzee amwinue samaki, anyooshe mikono mbele kabisa, amlete karibu na kamera. Mimi nikalala chini kwenye nyasi, Mutua akiushika mfuniko wa sufuria kumulika uso. Lenzi pana ina tabia hiyo, mwanangu: kilicho karibu inakikuza, kilicho nyuma inakisukuma mbali. Nikabonyeza.

Samaki alijaa picha nzima. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko kifua cha Mzee. Nyuma yake babu mdogo anatabasamu, na nyuma ya babu maji ya buluu. Niliruka nikamwonyesha. Alicheka sana mwanzoni. Kisha akaacha kucheka, akaitazama tena.

"Huyu ni samaki gani?"

Nikasema ni huyu huyu, Mzee, ni ufundi tu wa lenzi.

"Ifute, mwanangu. Miaka yote wameniita mwongo na nimelala usingizi wangu vizuri, kwa sababu sikuwa."

Nikasema ndiyo. Kamera ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta. Nikachagua hapana, nikaizima.

Samaki alikatwa pale pale, akagawiwa watu wa boma lililotupa nafasi ya kuegesha lori. Sisi tulirudi na vipande vichache tu, ndani ya hotpoti. Kwa hivyo ushahidi uliobaki wote ulikuwa mkononi mwangu. Na tulipopata mtandao barabarani, Mzee akisinzia katikati yetu, nikaihamishia simu picha moja nikaituma kwenye grupu ya mtaa. Ile ya mikono iliyonyooka. Sikuwa na nia mbaya. Niliwaza uso wake atakapowakuta wamemngoja.

Na walimngoja kweli. Grupu ililipuka, watu wakaandika Mzee ni noma, wengine wakaomba radhi kwa miaka yote. Tulipoingia Kaloleni, benchi lilikuwa limejaa. Baba Akinyi mwenyewe alisimama, akaja hadi kwenye mlango wa lori akampa Mzee mkono.

"Nzioka, nimekukosea. Samaki kama huyo hata kwetu ziwani ningemwamkia shikamoo."

Mwanangu, ungeuona uso wa Mzee. Ulikuwa kama wa mtoto aliyeitwa jina lake mbele ya shule. Halafu Baba Akinyi akamwonyesha simu.

Nilitamani lori linimeze. Mzee aliitazama ile picha, akanigeuzia macho mimi. Aliniita kando, karibu na tairi, akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Umenifanya yule mtu waliyekuwa wakisema ndiye mimi."

Kisha akaniomba picha ya tezo. Akaenda nyumbani kwake, akapanda kiti, akamtoa samaki wa muhugu msumarini, akamlaza kwenye benchi juu ya drafti, kete zikamwagika. Akapima kwa tezo mbele ya wote. Samaki wa mti alikuwa na urefu wa tezo nne kamili. Akawaonyesha picha yangu, ile baridi, ile ya kitambulisho, akapima humo kwa kidole tezo linaingia mara ngapi kwenye samaki. Samaki wa bwawani alikuwa na tezo tatu na vidole vinne.

Mimi nilisema kwamba ile picha kubwa ni ujanja wangu, na kwamba Mzee aliniambia niifute nikamdanganya.

Mzee akaendelea kumpapasa samaki wake mgongoni. Alisema asubuhi, alipomtoa yule majini, angeapa kwamba ni sawa na wa ujanani. Mikono ndiyo iliyomwambia. Na yule wa ujanani naye alipimwa na mikono hiyo hiyo, tena ya kijana. "Kumbe huenda nilimwongeza njiani," akasema, "kidogo kila mwaka, bila kujua." Akaingia ndani akatoka na msumeno. Pale pale akamkata samaki wa muhugu mkia, akaanza kumchonga mkia mwingine palipobaki tezo tatu na vidole vinne. Vumbi jekundu likaangukia viatu vya watu na hakuna aliyeondoka.

Baba Akinyi alimtazama mpaka mkia mpya ulipoanza kuonekana. Alikuwa na nafasi ya kucheka kicheko cha mwaka. Badala yake alisema, polepole, "Huyo mfupi namwamini." Baadaye kidogo akauliza lori litaenda tena lini.

Mkia ule uliokatwa Mzee alinipa mimi. Hakusema ni wa nini. Niliuweka kwenye mkoba wa kamera, na tangu siku hiyo kila mvuvi ninayempiga picha, awe amevua nyangumi au dagaa, naulaza kando ya samaki wake, napiga moja wima kutoka juu, kabla ya mbwembwe nyingine zote. Wavuvi huniuliza ni kitu gani. Nawaambia ni mzee wangu, amekuja kushuhudia.

Sasa nasaha yako, mwanangu, nikuwekee wazi. Kamera yako usiifungie penye joto ukiwa penye baridi, na ikitoka jasho usiipanguse, iache ipumue. Usoni pa mtu tafuta mwanga, hata wa mfuniko wa sufuria. Lenzi pana ni tamu, ichezee utakavyo, lakini mtu akikuomba umsaidie aaminiwe, mpige alivyo. Ukimkuza kwa upendo utakuwa umemwambia kwamba kipimo chake hakikutosha. Na ukikosea, kama mimi, sema mwenyewe mapema, watu wakiwa bado wapo.

Mungu akupe macho mazuri na mkono usiotetemeka. Akujalie wazee watakaokuita kando ya tairi badala ya kukuaibisha mbele ya benchi. Akupe siku zenye mkia unaopiga maji na lenzi safi ya kuuona. Na huo mti utafune tu, mwanangu, meno yako yamalize kuota. Ila ukishiba, urudishe mkobani. Jumamosi nina safari.